Kufundisha Vidole

Darasa letu la mifumo ya habari na kompyuta lilikuwa na wanafunzi wengi kuliko mashine, kwa hiyo tulikaa watatu watatu. Anayekaa katikati, mbele ya kibodi, tulimwita dereva. Wa pembeni walikuwa abiria. Hakuna aliyepanga nani awe nani. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni mwa maabara nikifikiri kama nitoe salamu au niingie kimya, na nilipoamua, kiti cha katikati kilikuwa kimeshakaliwa. Nikakaa kushoto. Nikabaki kushoto mpaka mwaka wa mwisho.

Dereva wetu alikuwa binti wa familia ya Kiarabu yenye maduka mjini, na kwao alikuwa na kompyuta yake mwenyewe. Vidole vyake vilikwenda bila yeye kuviangalia. Kazi yangu ilikuwa kutazama kioo na kumwambia: pale umesahau alama, pale mabano hayajafungwa. Nilijua. Kwenye mitihani ya karatasi, tulipoandika programu kwa kalamu, nilimpita. Lakini kwenye mashine yenyewe sikuwahi kuandika zaidi ya jina langu na namba ya usajili, kwa kidole kimoja, na hata hapo niliona watu wote wananisubiri nimalize.

Kisha mwalimu akatangaza kwamba mtihani wa mwisho wa vitendo kila mtu atakaa peke yake, kwa zamu.

"Safari hii hakuna abiria," akasema, na darasa likacheka. Nami nilicheka pamoja nao.

Ukifeli mtihani ule unapewa wa marudio, ambao sisi tunauita sapu. Ukifeli na sapu, unarudia mwaka. Kwetu Muheza, mama alikuwa ameshawaambia wauza machungwa wenzake wote kwamba mwanawe anamaliza chuo. Nikaanza kupanga namna ya kumpa habari mbaya. Nimpigie simu au niende? Nikienda, niseme kabla ya kula, na chakula kimshinde, au baada ya kula, aone nimekula kwanza ndipo nikasema? Mtihani wenyewe ulikuwa bado.

Maabara ilifungwa kwa matayarisho ya mtihani. Steshenari za mjini hazikunifaa, maana pale mteja unasimama nje ya kaunta na mwenye duka ndiye anayeandika. Ilibaki kumwomba dereva kompyuta yake. Niliandika ujumbe kwenye simu nikaufuta, nikauandika tena kwa maneno mengine nikaufuta. Nikimwomba, atajua. Akijua, ataanza kukumbuka kila siku niliyomsahihisha, mimi nisiyeweza hata kuandika mwenyewe.

Ngamiani, hapo Tanga mjini, kuna fundi anayefungua kompyuta za mtumba na kuuza vipuri. Kwenye lundo nje ya kibanda chake niliona kibodi iliyokatwa waya.

"Hiyo imekufa," akasema.

"Najua."

"Sasa waitakia nini?"

"Mazoezi."

Akanitazama sana. "Chukua. Ila usije ukarudi kuniambia haifanyi kazi."

Nilikuwa naishi kwa mama mkubwa, dada yake mama, hapohapo Ngamiani. Kila siku baada ya alasiri nilikaa uani, kibodi mapajani, nikaandika programu ambazo hazikuonekana popote. Mama mkubwa alikuwa akichambua mchele upande wa pili, na siku za mwanzo alivumilia.

"Mwanangu, kompyuta yenyewe iko wapi?"

"Iko chuoni, mama mkubwa."

"Na hicho?"

"Hiki ni cha kufundishia vidole."

"Na vidole vimekosa nini?"

Jirani aliyekuja kuazima kinu alisimama akanitazama, kisha akamuuliza mama mkubwa kwa sauti ya chini, ambayo niliisikia vizuri, kama nimepelekwa kusomewa dua. Mama mkubwa akamjibu, "Huyu mzima. Anamwandikia mtu asiyemjibu."

Kibodi ile ilikuwa na mambo yaliyonisumbua. Pembeni palikuwa na herufi zenye nukta mbili juu. Nilikaa jioni nzima nikijiuliza zina kazi gani, nikaogopa kwamba ni somo lililonipita siku niliyokuwa na homa. Tena Z ilikuwa mahali ambapo kwenye simu yangu kuna Y. Hilo nalo nililifikiria sana, na nikahitimisha kwamba simu ni simu na kompyuta ni kompyuta. Nikakariri kila kitufe kilipo. Baada ya wiki kadhaa nilikuwa nafumba macho na naandika. Ndio wakati pekee katika muhula ule niliolala vizuri.

Siku ya mtihani tuliombwa kuandika programu ya kupokea alama za wanafunzi na kutoa wastani. Swali jepesi. Nikaweka macho kwenye karatasi, vidole vikaenda vyenyewe, na kwa muda ule mfupi nilijiona dereva. Nilipoinua macho, kioo kilikuwa kimejaa takataka. Nilipofungua mabano palikuwa na nyota. Nilipoweka alama za kunukuu palikuwa na ile alama ya barua pepe. Z zote zilikuwa Y.

Nikawaza mashine ni mbovu. Nikawaza tena: nikisema ni mbovu na kumbe nzima, nitasemaje? Nilikaa na hilo wakati wenzangu wa zamu ile wanaandika. Mwishowe nikanyoosha mkono. Mwalimu akaja, akainama, akabonyeza vitufe viwili vitatu.

"Kompyuta haina tatizo."

"Ndiyo, mwalimu."

Nikabaki natafuta herufi mojamoja kwa kidole, na kila nilipojisahau mkono ulirudi kwenye mazoea yake. Muda uliisha nikiwa sijafika nusu.

Nilipata sapu. Sikumwambia mama. Nilibeba kibodi kwenye mfuko wa rambo nikampelekea dereva, maana nilikuwa nimeshafika mahali ambapo aibu haiongezeki. Akaigeuza mara moja tu.

"Hii ya Kijerumani," akasema. "Huoni hizi herufi zao? Vitufe vyao vimepangwa tofauti na vyetu." Akacheka mpaka akakaa chini. "Wajerumani walishaondoka Tanga, wewe peke yako bado wanakutawala."

Sikucheka. Aliponiona akainuka.

"Mbona hukuniambia? Miaka yote hii nikajua unapenda kukaa pembeni."

"Ningekwambiaje?"

"Ungesema tu, 'Nipishe.'"

Kwao, barazani, mama yake akituletea chai, alinipisha. Yeye akakaa kushoto na akawa abiria mkali kuliko nilivyokuwa mimi. "Usitazame chini. Mkono wa kulia umekwenda Ujerumani tena." Nilichokariri kwa wiki zile hakikutaka kutoka. Kuna siku nilikuwa mbaya kuliko asiyewahi kugusa kibodi, na niliondoka pale nikiwa na hakika kwamba nitarudia mwaka, na baada ya hapo mwingine.

Sapu niliifanya. Programu ilikwenda, wastani ukatoka. Nilipofika getini nikajiuliza kama niliihifadhi. Nikajiuliza hivyo mpaka matokeo yalipotoka, nikala kidogo, nikajibu watu nusunusu. Matokeo yalisema nimefaulu, kwa alama ya chini kabisa. Sikuamini. Nikaenda ofisini kwa mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu. Nilikuwa nauliza kama haya ni yangu kweli."

"Marahaba. Wataka nikupunguzie?"

"Hapana. Nilidhani sikuhifadhi."

Akafungua kompyuta yake akanigeuzia kioo. Kulikuwa na mafaili manne yenye namba yangu: mtihani, mtihani mpya, mtihani wa mwisho, mtihani wa mwisho kabisa.

"Nimesahihisha hili la mwisho kabisa," akasema. "Sasa nenda."

Nilitaka kumuuliza kama lile la tatu lisingepata zaidi. Nikashukuru, nikatoka, nikampigia mama nikiwa bado koridoni. Alipokea yuko sokoni, nyuma yake watu wanabishana bei ya machungwa. Nilipotaka kusema, nikaanza kulia.

"Basi, mwanangu," akasema. "Basi. Rudi nyumbani tu, si wewe wa kwanza kufeli."

Akaendelea kunipa pole, na mimi nimeshika ukuta, sipati pumzi ya kumkatiza.