Taa ya Njano kwenye Gari la Baba

Taa iliwaka siku niliyoliosha gari la baba kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Nilikuwa nimelitoa kwenye banda nyumbani Othaya, nikalisugua nje na ndani, nikafuta dashibodi mpaka kitambaa kikawa cheusi. Nilipowasha injini nikaona ile alama ya njano yenye umbo la injini. Nikazima, nikawasha tena. Ilikuwa palepale.

Gari lilikuwa kuukuu, la miaka mingi kuliko kazi yangu ya serikali, na sasa lilikuwa langu la kumpeleka mama kliniki ya macho mjini Nyeri. Tangu siku hiyo sikutulia. Nikipanda mlima nilikuwa nasikiliza injini kama mtu anayesikiliza mtoto mwenye homa. Nilisimama kando ya mashamba ya majani chai, nikafungua boneti, nikanusa, nikafunga, nikaondoka bila kujua nilichokuwa natafuta. Nyumbani nilikuwa natoka katikati ya chakula kwenda kuangalia kama kuna mafuta yaliyodondoka chini.

"Gari inatembea," mama aliniambia. "Sasa unataka ifanye nini ingine?"

Fundi wa kwanza, huko Wamagana, alichomoa waya wa betri, akangoja kidogo, akaurudisha. Taa ikazimika. Nilifurahi mpaka nikamnunulia mama ndizi barabarani. Kesho yake, kabla hata sijafika lami, ikawaka tena.

Siku ya kliniki tuliondoka mapema ili tupitie kwanza kwa fundi mwingine, mzee mmoja wa Majengo, pale mjini Nyeri, aliyevaa kofia nyeupe ya kufuma na ovaroli safi kuliko nguo zangu. Alichomeka mashine yake chini ya usukani, akasoma kimya.

"Injini inapata hewa nyingi kuliko petroli," alisema. "Na hii taa, dada, haikuanza juzi. Kosa la namna hii huja polepole."

"Haiwezekani. Imeanza juzi. Niliona kwa macho yangu."

Aliinama, akapitisha kidole juu ya kioo cha dashibodi, pale alama ilipokuwa ikiwaka, halafu akanionyesha kidole. Kilikuwa kinanata.

"Hapa palibandikwa kitu."

Ndipo nikakumbuka kipande cheusi kilichobaki kwenye kitambaa siku ile ya kuosha. Nilidhani ni uchafu. Nikasema, kwa hasira nisiyojua imetoka wapi, kwamba bila shaka fundi fulani alimdanganya baba.

Mama alikuwa kiti cha mbele, mkoba magotini. "Si fundi," alisema. "Ni mimi nilibandika. Tepu ya stima, ile nyeusi ya kufungia nyaya."

Akaendelea akiangalia mbele.

"Wakati wa kumpeleka hospitali mimi ndiye nilikuwa naendesha. Baba yako hakuwa anaangalia barabara, alikuwa anaangalia hiyo taa tu. Ati simama, nifungue boneti. Ati hii gari inavuta hewa vibaya. Na yeye mwenyewe hawezi kusimama. Siku moja alilia. Asubuhi ingine nikabandika tepu kabla hajaingia, nikamwambia fundi ametengeneza. Akaniambia, sasa umeona, fundi amejua kazi. Akalala mpaka hospitali."

Fundi alivua kofia, akaivaa tena. Kisha akaomba niwashe injini. Alichukua mkebe wa dawa ya kusafishia, akapuliza kidogo kidogo kwenye mabomba ya mpira, moja baada ya jingine, akitafuta linalovuja. Injini ikabaki na sauti ileile, ileile, mpaka alipofika kwenye bomba moja jembamba nyuma kabisa. Hapo sauti ikabadilika, ikapanda, kama mtu aliyeshtuliwa. Alilikunja lile bomba kwa vidole, tukaona ufa ukifunguka.

"Hewa inaingilia hapa," alisema. "Mzee wako alikuwa na haki."

Nilimwangalia mama. Alikuwa amesikia. Nikadhani atalia, lakini alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeshindwa kesi.

"Alikuwa anasema hivyo hivyo, inavuta hewa vibaya," alisema. "Mimi nikadhani ni ugonjwa unaongea. Yeye ndiye alikuwa hawezi kuvuta hewa." Kisha akamgeukia fundi. "Weka mpya. Weka nzuri."

Tulichelewa kliniki na daktari akatugombeza. Mama alimsikiliza kwa upole wote, akasoma herufi ukutani, akakosea nyingi. Tukarudi Othaya mchana, taa ikiwa imezimika, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye vilima vya kahawa.

Ilibaki imezimika. Hata hivyo mimi sijapona. Kila nikipanda kilima macho yangu yanashuka yenyewe kwenye dashibodi, kupekua kile kiza kidogo, kama vile kuzimika nako ni habari mbaya inayojificha. Mama hujua bila kugeuka.

"Angalia barabara," huniambia. Halafu, baada ya kona mbili tatu, huuliza kwa sauti ya chini, "Iko namna gani?"

"Imezima."

"Sawa," husema, na bado huinamisha kichwa kidogo kusikiliza.