Kula na Watu Gani?

Girdhari Prasad alikuwa fundi cherehani mjini Bareilly, India, mpaka macho yalipomsaliti. Mkewe Savitri alipofariki, akabaki peke yake katika chumba chao cha kichochoroni, na cherehani aliifunika shuka. Meno nayo yalimtoka moja baada ya jingine. Hakuhangaika. Alipika wali na dengu mpaka vikarojeka, akala, akalala.

Ndipo alipokuja Nivedita, binti aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Chuoni kwao walikuwa wametafsiri maswali ya kigeni kuhusu afya ya kinywa, wakataka kujua kama wazee wanaosema Kihindi wanayaelewa.

"Babu, kuna siku umekwepa kula na watu kwa sababu ya meno?"

"Kula na watu gani, binti yangu?"

Nivedita akacheka. Alipoona mzee hacheki, akainamia karatasi zake. "Basi niandike hapana?"

"Andika. Sijamkwepa mtu."

Maumivu? Hakuna. Usingizi? Analala. Wakamaliza mapema kuliko mzee alivyopenda. Alipofika mlangoni, binti akasema atarudi baada ya wiki mbili kuuliza yale yale, aone kama majibu hayabadiliki.

Siku hiyo ilipofika, Girdhari alipiga pasi kanzu yake nyeupe, akatoka kununua jalebi, vile vitamu vya kukaanga vilivyolowa shira. Jirani yake Kusum, mwanamke asiyezuia ulimi, akamwona.

"Haya, Mzee Girdhari! Posa unapeleka wapi leo?"

"Kwako, kama mumeo ameridhia."

"Mchukue na yeye, nimemchoka!"

Safari hii Nivedita alikuta maumivu kila mahali. Ufizi unawaka, taya linagonga, usingizi hauji. Kila "ndiyo" ilizaa swali jingine, na mzee akajibu kwa kirefu, akachomekea na habari za mabwana harusi aliowashonea nguo. Binti akaandika, akafunua kurasa za nyuma, akaweka kalamu chini.

"Babu, mara ile ulisema huumwi hata kidogo."

Mzee akainamisha kichwa. "Nikisema hapana, unapita. Nikisema ndiyo, unakaa."

Nivedita akazikunja karatasi zake. Akavuta sahani ya jalebi. "Maswali tuyaache. Tule."

Girdhari akachukua kipande, mara akajikuta amegeukia ukutani, amefunika mdomo kwa kitambaa cha begani huku ufizi ukipambana. Hapo ndipo alipojua kuwa anaona aibu. Miaka yote ile hakukuwa na wa kumwonea aibu.

Nivedita alikula huku akiitazama cherehani, asimtazame yeye. "Tulipaswa kuanza kwa kuuliza unakula na nani," akasema taratibu, kama anayejisemea.

Hakuja tena, maana kazi yao ya mitaani ilikwisha. Lakini alimwombea nafasi ya matibabu chuoni, na Girdhari akaenda peke yake kwa rikisha, akatengenezewa meno ya bandia. Yalimkaa vyema.

Jumapili mwanawe Dinesh akapiga simu kutoka Surat, mji wa mbali anakofanya kazi.

"Unatafuna sasa, baba?"

"Natafuna, mwanangu. Hata chapati iliyokauka."

"Afadhali. Haya, nitakupigia, naitwa hapa."

Simu ikakatika. Girdhari akamalizia chapati yake, akayavua meno, akayaosha, akayatia kwenye glasi ya maji.