Emilia na Baluni Lake

Emilia aliyapenda mabaluni akiwa bado msichana, alipoajiriwa kwenye kambi moja ya watalii Serengeti. Kambi hiyo ilikuwa na mabaluni makubwa ya hewa ya moto yanayobeba watu, na kazi yake ilikuwa kushona vitambaa vilivyochanwa na miiba. Asubuhi moja abiria mmoja aliumwa, nafasi ikabaki wazi. Rubani akamwambia, "Panda, dada. Ukaone unachokishona."

Alipanda. Aliporudi chini alikwenda nyuma ya hema akalia, na mpaka leo hajui kueleza alikuwa analilia nini.

Baadaye alirudi Dodoma, akaolewa na Obedi, fundi mwashi asiye na maneno mengi, wakajenga nyumba mtaa wa Miyuji. Emilia alifungua kibanda Kizota, akawa anashona maturubai na viti vya magari. Lakini kila mwaka, mavuno yakishaingia ndani, alirusha baluni aliloshona mwenyewe. Alianza na madogo yasiyobeba hata kuku. Majirani walicheka. Obedi aliwajibu, "Wengine wanafuga njiwa. Wangu anafuga hayo."

Watoto walikua wakaondoka, na mabaluni nayo yakakua, hadi likapatikana moja la kubeba watu wawili. Aliruhusiwa kulirusha likiwa limefungwa kamba, lisipande zaidi ya paa la kanisa. Obedi ndiye alikuwa msimamizi wa kamba. Kupanda alikataa katakata.

"Mimi ni mwashi," alisema. "Nikiwa juu, napenda kuwe na ukuta chini yangu."

Mwaka juzi, asubuhi moja ya Julai, baluni lilikuwa limejaa, na tenga la abiria, Emilia akiwa ndani, linagusa ardhi kwa mbali. Obedi alisogea kumpa mkewe chupa ya chai. Upepo ukaja ghafla, kamba ikakatika. Badala ya kuachia, Obedi alikumbatia ukingo wa tenga. Miguu yake ikaacha ardhi. Emilia akamkamata mkanda wa suruali, akamvuta ndani kwa nguvu zake zote.

"Kwa nini hukuachia?" aliuliza akihema.

"Ningeachia, ungekwenda na nani?"

Walipita juu ya mji, Obedi amefumba macho, Emilia akipunguza moto taratibu huku akitafuta mahali pa kushukia.

"Fumbua macho, baba Hilda. Kumetulia."

Alifumbua jicho moja. "Ile nyumba ya bati la kijani nimeijenga mimi," alisema. Akafumbua na la pili. "Na ile pale. Ona, na ule uzio."

Walitua katikati ya shamba la zabibu, wakaangusha nguzo kadhaa. Mwenye shamba, mzee Gideoni, alikuja anatembea polepole.

"Shikamoo, baba," alisema Emilia kutoka kwenye tenga.

"Marahaba. Mmetokea wapi?"

"Miyuji."

Mzee alilitazama baluni lililolala juu ya mizabibu yake. "Kwani barabara haipitiki?"

Wiki ile ile Obedi alirudi kusimika nguzo mpya, na Emilia akanunua kamba nene zaidi. Obedi hajapanda tena. Ila jioni, akikaa na wenzake, huisimulia ile safari, na kila akiisimulia huzidi kwenda juu. Majuzi ilishafika mawinguni. Emilia humsikia akiwa jikoni, wala hamsahihishi.