Chungwa la Bi Mwanaidi

Jumapili iliyopita nilimwona binti yangu akimmegea mwenzake mkate mbele ya madhabahu, nikasikia harufu ya chungwa.

Nilikuwa darasa la kwanza. Mchungaji alituita watoto mbele, akatugawia chungwa mojamoja, akasema, "Kila mmoja ampe asiye nalo." Wenzangu waligeukia mabenchi. Mimi nilitoka mbio hadi kwa jirani yetu, Bi Mwanaidi, aliyekuwa barazani akisuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo bibi. Chungwa lako hili."

"Marahaba mwanangu. Nitafuturia."

Akalifunga kwenye pindo la kanga. Ramadhani niliijua kwa harufu ya futari tu; mambo ya kufunga mchana sikuyajua. Nikarudi kanisani nalia, nikidhani limekataliwa kwa kuwa hakulimenya.

Magharibi, adhana ilipokwisha, Bi Mwanaidi alipiga hodi kwetu na sahani iliyofunikwa kawa. Mihogo ya nazi ilikuwa ikifuka moshi, na pembeni palikuwa na nusu ya chungwa.

"Nusu nimefungulia," alimwambia mama. "Hii ya mwenyewe aliyeniletea."

Baba aliinuka, akanipisha kiti chake, na jioni ile nikapakuliwa wa kwanza, kabla yake.