Umeme wa Bure

Mtaani kwao umeme wa jua, wa paneli za pamoja, waliuita umeme wa bure, na neno hilo ndilo lililomwondoa mume wa Mama Kadogo nyumbani. Jua halileti bili, watu walisema, basi taa ziliwaka mchana kweupe, redio zikaimbia vyumba vitupu. Mwenyekiti wa kamati ya umeme naye akawaunganishia ndugu zake majokofu bila kumuuliza mtu. Mumewe, fundi wa kuchomelea, akiwasha tu mashine, mtaa mzima unazimika.

"Huu ni umeme wa bure kwelikweli," alisema siku moja akivua miwani yake myeusi. "Bure kabisa." Akaenda kutafuta kazi mji wa mbali, mashine akaiacha.

Mke alibaki na binti yao, Kadogo, aliyemjua baba kwa sauti ya simu. Kila alipomwogesha, aliviona vidole vya babaye, vifupi, visivyotulia. Karakana ya mumewe hakuacha kuifagia.

"Shoga, unamfagilia mume au mashine?" majirani walimtania.

"Mashine angalau haijanikimbia."

Giza lilipowachosha, wakazi waliitisha mkutano, wakamtoa mwenyekiti, wakachagua kamati mpya, na Mama Kadogo akawamo. Hawakuongeza paneli hata moja. Walizima vya kuzimwa, wakapanga zamu mbele ya watu wote: jua likiwa kali, mashine za mafundi, jioni, taa. Majokofu ya wale ndugu nayo yakaingia foleni.

Zamu ya kwanza ya karakana ilipofika, alimpigia mumewe.

"Baba Kadogo, umeme upo."

"Upo upo, au upo kama ule?"

Aliwasha mashine, akaisogezea simu. Ikanguruma bila kukatika.

"Mwenyekiti mpya ni shemeji wa nani?"

"Huyu hana ndugu mwenye jokofu."

Mumewe akacheka. Mke alikuwa amesahau kwamba kicheko kile huanzia puani.

"Shemeji!" Seremala wa jirani aligonga ukuta. "Zamu yangu imefika, mbao zinaningoja!"

"Usizime kwanza," alisema mumewe.

"Nazima. Ni zamu ya mtu."

Akazima.

"Basi mwambie huyo seremala asiizoee nafasi yangu," sauti ikaja taratibu. "Nipangieni na mimi."

Alitaka kumuuliza kuanzia lini, lakini Kadogo alishaivuta simu, anaita baba, baba, baba.