Chupa ya Mwisho ya Rumba

Ndung'u wa mtaa wa Tuwan, Kitale, alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa vinywaji. Mguse hapo uone. Alifanya kazi kwenye lori la bia na soda miaka ishirini na mitatu, akishusha kreti kutoka Kitale hadi Bungoma na katika kila kituo cha katikati, na mpaka leo, amestaafu na magoti yake yanalia, angekutajia vinywaji vilivyoacha kutengenezwa jinsi wengine wanavyotaja marafiki waliozikwa. Bia ya ndimu, iliyodumu misimu miwili tu. Ile ya asali waliyoipenda walimu. Kimea cha pera. Akifika kwenye Rumba ya nanasi, sauti yake ilishuka.

Rumba haikuwa na kileo hata tone. Ilitengenezwa kwa kimea kama bia, ikatiwa ladha ya nanasi, ikawekwa kwenye chupa ya kahawia na kutoa povu zuri, hivyo hata mzee wa kanisa aliweza kuishika harusini akaonekana mtu wa starehe bila kuitwa mbele ya kamati Jumatatu. Ndung'u, mzee wa kanisa mwenyewe, aliipenda kwa sababu hiyo na kwa nyingine iliyo kubwa zaidi. Kila Ijumaa alimletea mkewe Nyaruai chupa moja. Nyaruai aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, Baba Rosaline," akaenda nayo jikoni kutazama sufuria ya githeri. Baadaye chupa ilirudi tupu, na Ndung'u alilala akijua amemfurahisha mke wake.

Rumba iliacha kuuzwa miaka tisa iliyopita. Nyaruai alifariki miaka sita baadaye.

Sasa kitinda mimba wao, Mukami, alikuwa amepata mchumba, Sifuna, fundi wa pampu za maji kutoka Chwele. Kijana mwenye adabu, hakuna aliyemkataa. Lakini kwa Wakikuyu ndoa haianzi mpaka ruracio, siku ambayo watu wa kijana wanaleta mahari, na mbele ya wote binti anaulizwa na babake kama kinywaji kilichoandaliwa kinywewe. Akikubali, anaonja kwanza, kisha anampa baba glasi kwa mkono wake. Asipoonja, amemkataa mwanamume, na wageni hukunja mikeka yao wakaenda zao. Rosaline, dada mkubwa, alionja Rumba siku yake, na Nyaruai ndiye aliyemimina. Basi Ndung'u akatangaza kwamba Mukami naye ataonja Rumba, au ruracio haitakuwepo.

"Baba, hiyo kitu haiko tena," Mukami alimwambia. "Si tuchukue soda tu?"

"Soda ni ya watoto. Mama yako angesema nini?"

Siku ikaahirishwa mara moja, ikaahirishwa tena. Kule Chwele watu wa Sifuna walianza kuuliza kama mzee anatafuta kinywaji au anatafuta njia ya kuwakataa wao kwa kuwa ni Wabukusu. Mukami alisikia maneno hayo, akawa anakula bila kuongea. Ndung'u aliona. Usiku alijilaumu, asubuhi akavaa kofia na kutoka kutafuta. Moyoni aliogopa jambo moja asiloweza kumwambia mtu: kwamba bila Rumba, Nyaruai hatakuwepo siku hiyo kabisa.

Alizunguka Bungoma kwenye maduka aliyokuwa akiyashushia kreti. Wenye maduka wengi walikuwa wamekufa, na watoto wao walimtazama kama mtu anayeulizia sarafu za mkoloni. Katika soko la Chwele alizikuta chupa za Rumba kadhaa, roho ikamruka, lakini zilikuwa zimejazwa asali ya kuuza. Hatimaye mjini Moi's Bridge, ndani ya baa iliyofungwa ya rafiki yake wa zamani Kemboi, aliiona moja juu kabisa ya rafu, imevaa vumbi, kizibo hakijaguswa.

"Hiyo ni ya kuangalia, bana, si ya kunywa," Kemboi alimwonya. "Imekaa hapo tangu tufunge."

"Kitu kizuri hakizeeki," alijibu Ndung'u, mwenye magoti yale, akaisugua chupa kwa kidole mpaka tarehe yake ikafutika.

Siku ikafika. Uani Tuwan palijaa viti, na watu wa Chwele waliketi upande mmoja wakiongozwa na Bethwel, mjomba wa Sifuna. Ndung'u alifungua chupa mwenyewe. Haikutoa hata sauti ya gesi. Alimimina, akamwita Mukami na kumuuliza mbele ya watu wote, "Binti yangu, tunywe?"

"Tunywe, Baba," Mukami akasema, akainua glasi, akaonja.

Kisha akatema. Hakukusudia, mwili ulikataa wenyewe. Kinywaji kiliruka mpaka kwenye viatu vya Bethwel.

Shangazi mmoja alishika kichwa. Sifuna alisimama, akakaa, akasimama tena. Bethwel alijifuta kiatu taratibu.

"Mzee," alisema, "sisi tumetoka mbali. Lakini kama binti amemkataa kijana, si mtuambie tu, turudi na ng'ombe wetu."

Mukami alilia kwamba hakukataa, lakini nani angemsikia? Alichofanya kilikuwa kimeonwa. Ndung'u alisimama na chupa mkononi, akaona kwamba ukaidi wake ndio unaomvunjia mtoto ndoa.

Hapo Rosaline akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, watu wakamgeukia.

"Nisameheni," alisema. "Amefanya kama Mama. Baba, Mama alikuwa akitema vilevile, nyuma ya jikoni. Hakuipenda hata siku moja. Tulikuwa tunainywa sisi watoto."

"Kila Ijumaa?" Ndung'u aliuliza.

"Kila Ijumaa, Baba. Alitukataza kukuambia. Alisema umeibeba kutoka mbali."

Ndung'u aliketi. Miaka yote ile! Ilimuuma, halafu kikampanda kicheko asichokitarajia, na Bethwel akimwona mzee anacheka akacheka naye, na ua ukapata pumzi.

"Yeye alikuwa anapenda nini?" Ndung'u alimuuliza Rosaline.

"Chai ya tangawizi. Hukujua?"

Hakujua. Chai ikaletwa kutoka jikoni, na Ndung'u akauliza upya, "Binti yangu, tunywe?" Mukami alionja, akameza, akampa babake kikombe. Akina mama wakapiga vigelegele, Sifuna akajifuta jasho, na wageni wakaanza kuitisha chakula.

Ndung'u aliinywa chai yote. Kisha, wakati hakuna aliyekuwa akimtazama isipokuwa Rosaline, aliivuta ile glasi ya Rumba iliyooza, akaishika kwa mikono miwili.

"Asante, Mama Rosaline," alisema, akaimeza mpaka tone la mwisho.