Fundo la Kanga ya Mkunga

Mkunga wa zahanati yetu ya Msimbati havai kanga kwa urembo. Anaifunga kiunoni juu ya sare nyeupe, fundo likiwa mbele, na mwanamke akizidiwa na uchungu, yeye humwambia, "Shika hapo mwanangu. Vuta, halifunguki." Sauti yake ni kavu na mikono imepauka kwa sabuni. Hata mimi nililivuta fundo hilo nilipomzaa Mwasiti, na yeye hakutikisika.

Juzi shirika linaloendesha zahanati zetu lilimwita Mtwara mjini kumpandisha cheo, awe msimamizi wa wakunga wote wa pwani. Tulijaa ukumbini kumpigia vigelegele. Mkurugenzi akamsogelea na kumnong'oneza, akasahau kuwa kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake: "Mama, tunaomba uvue kanga kwanza, tupige picha. Msimamizi havai hivyo." Mkunga akalishika fundo. Nikadhani analifungua, kumbe analikaza. "Cheo hiki nilikitaka siku zote, na ninakistahili," akasema. "Na kila zahanati nitakayoisimamia, wakunga wake watafunga kanga. Haya, pigeni picha."